Asilimia mbili ya kura na kiti kimoja Seneti: Family First ya Australia ilivyofanya kazi

Swali: Binamu yangu aliyehamia Adelaide anataka kujiunga na chama kinachoitwa Family First. Anasema ndicho kilichomwingiza Mama Lucy Gichuhi wa huku kwetu Nyeri kwenye Seneti ya Australia mwaka 2017. Lakini nimesoma kwamba nchi nzima chama hicho hakikuwahi kufikisha hata asilimia tatu ya kura. Kiliwezaje kupata kiti? Kilifanya nini cha maana? Na kwa nini huku kwetu, ambako kila mwanasiasa anahubiri familia, hatuna chama cha namna hiyo? (Msomaji, Nyeri)

Jibu:

Ndugu msomaji, niruhusu nianze na Mama Gichuhi, maana habari yake husimuliwa nusu nusu.

Katika uchaguzi wa Julai 2016, Family First iliweka majina mawili kwenye orodha yake ya Seneti katika jimbo la Australia Kusini. La kwanza lilikuwa la Bob Day, mfanyabiashara wa ujenzi wa nyumba aliyekuwa seneta tangu 2014. La pili lilikuwa la Lucy Gichuhi, mwanasheria aliyezaliwa kijiji cha Hiriga, Nyeri, na kuhamia Australia mwaka 1999. Chama kilipata chini ya asilimia tatu ya kura za jimbo, na Day akakinyakua kiti cha mwisho kabisa kati ya viti 12. Miezi michache baadaye kampuni zake za ujenzi zikafilisika, nyumba za watu zaidi ya 200 zikabaki hazijakamilika, naye akajiuzulu tarehe 1 Novemba.

Kwa kawaida seneta akijiuzulu, chama chake humpendekeza mtu wa kumrithi. Hapo kukazuka jambo jingine. Ofisi ya Day, ambayo kodi yake ilitakiwa kulipwa na serikali, ilikuwa kwenye jengo ambalo yeye mwenyewe alikuwa na maslahi nalo kwa njia ya mzunguko. Katiba ya Australia, kifungu cha 44, humzuia mtu mwenye maslahi ya fedha katika mkataba na serikali kuchaguliwa kuwa mbunge. Aprili 2017 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikaamua kwamba Day hakuwa na sifa tangu siku ya uchaguzi. Maana yake hakukuwa na kiti cha kurithiwa. Kura zilihesabiwa upya kana kwamba jina lake halikuwemo, zikateremka kwa jina la pili.

Labor, mojawapo ya vyama vikubwa vya Australia, walipinga. Kama Gichuhi angeondolewa, kiti kingewaangukia wao. Walihoji kama bado alikuwa raia wa Kenya, kwa kuwa kifungu hichohicho cha 44 kinakataza uraia wa nchi nyingine. Hapa katiba ya zamani ya Kenya, ile ambayo wana diaspora walikuwa wakiilaumu miaka nenda rudi, ilimfaa. Kabla ya 2010 Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili, na Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine aliupoteza wa kwao papo hapo. Gichuhi alikuwa amechukua uraia wa Australia mwaka 2001. Pingamizi likatupwa, naye akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Australia.

Sasa sehemu ambayo binamu yako huenda haijui. Siku chache baada ya kutangazwa mshindi, uongozi wa Family First ulitangaza kwamba chama kinaungana na Australian Conservatives, chama kipya cha Cory Bernardi, seneta aliyekuwa amejitoa chama kikubwa cha Liberal Februari mwaka huohuo. Gichuhi alikataa kwenda. Alipoapishwa Mei 2017 alikuwa seneta asiye na chama. Kwa hiyo chama kilimfikisha mlangoni, kweli, ila ndani aliingia bila chama. Februari 2018 alijiunga na Liberal, wakampanga nafasi ya nne kwenye orodha ya 2019, nafasi isiyo na matumaini, na safari ikaishia hapo.

Sasa twende kwenye hesabu. Siasa zote za chama hiki zimekaa ndani ya hesabu, na ukizielewa utaona mahubiri ya familia yalikuwa na kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Seneti ina viti 76, 12 kwa kila jimbo na viwili kwa kila moja ya maeneo mawili yasiyo majimbo. Katika uchaguzi wa kawaida nusu tu ya viti vya jimbo, yaani sita, hugombewa. Ili mgombea apite anahitaji kura moja kwa saba hivi, asilimia 14.3. Mpiga kura hachagui jina moja na kwenda zake. Anapanga kwa namba: huyu wa kwanza, akishindwa kura yangu iende kwa yule, na yule akishindwa iende kwa mwingine. Ni kama kumtuma mtoto dukani: lete sukari, kama hakuna lete asali, na asali ikikosekana basi lete hata miwa. Kura haifi mapema, inatangatanga mpaka ipate pa kukaa.

Kuanzia 1984 hadi 2016 kulikuwa na njia ya mkato. Karatasi ilikuwa na mstari mnene katikati. Chini ya mstari ulitakiwa kumpa namba kila mgombea, na wakati mwingine walikuwa makumi kwa makumi. Ukikosea kupita kiasi, kura imeharibika. Juu ya mstari uliandika 1 kwenye kisanduku cha chama kimoja, basi. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi walifanya hivyo, na mimi ningekuwa pale, siku ya Jumamosi, nikiwa kwenye foleni kwa sababu kupiga kura Australia ni lazima kisheria, ningefanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba ukishaandika hiyo 1, safari yote ya kura yako baada ya hapo ilifuata orodha ambayo chama kilikuwa kimeikabidhi mapema kwa tume ya uchaguzi. Orodha ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuisoma. Waliotaka walikuwa wachache sana.

Ndiyo maana kabla ya kila uchaguzi vyama vilikaa vyumbani kufanya biashara: nipandishe juu kwenye orodha yako, nami nikupandishe kwenye yangu. Katika soko hilo chama kidogo kinachochukiwa na wachache kina thamani kuliko chama cha wastani chenye maadui. Family First ilikuwa na bidhaa nzuri ya kuuza: wafuasi wa makanisani waliojitolea kusimama vituoni, na jina ambalo ni vigumu kulitukana. Nani atasema anapinga familia?

Mwaka 2004 biashara hiyo ilizaa tunda ambalo halikutarajiwa. Kwa upande mmoja Family First ilikubaliana na Waziri Mkuu John Howard wa Liberal: iwaunge mkono wagombea wake wengi, naye akaahidi kwamba mapendekezo yanayopelekwa kwenye baraza la mawaziri yataambatana na maelezo ya athari zake kwa familia. Kwa upande wa pili, katika jimbo la Victoria, Labor waliiweka Family First juu ya Greens, chama cha mazingira, kwenye orodha yao. Hesabu yao ilikuwa kwamba Family First itatolewa mapema na kura zake ziwasaidie kupata kiti cha tatu. Mambo yakaenda kinyume. Aliyetolewa mapema alikuwa mgombea wa Labor mwenyewe, kura zake za ziada zikamiminika kwa Steve Fielding wa Family First. Fielding alikuwa ameanza na asilimia 1.88. Mgombea wa Greens, aliyekuwa na karibu asilimia tisa, akabaki nje. Wapiga kura wengi wa Labor waliamka siku ya pili na kugundua kwamba wamempeleka Canberra mtu anayepinga utoaji mimba na ndoa za jinsia moja, ilhali wengi wao wala hawakuwahi kumsikia.

Je, huo ni wizi? Hapana. Kila kura ilihesabiwa kwa mujibu wa sheria. Ila mimi huona sheria ile ilikuwa mbovu, na ubovu wake hautegemei nani alinufaika. Mwaka 2013, Victoria hiyohiyo ilimchagua Ricky Muir wa chama cha wapenda magari akiwa na asilimia 0.51. Hapo hata vyama vikubwa vilishtuka, na Machi 2016 Bunge likafuta orodha zile. Bob Day alikwenda mahakamani kuipinga sheria mpya, akashindwa.

Ulichouliza kuhusu kazi ya maana kina jibu ambalo wafuasi wengi wa chama hawalitaji, na wapinzani wake nao hawalitaji. Chama kilianzia Adelaide, si Victoria. Mwanzilishi wake, Andrew Evans, alikuwa mchungaji wa Paradise Community Church, kanisa kubwa la kipentekoste, na kwa miaka mingi aliongoza Assemblies of God nchini humo. Aliingia baraza la juu la bunge la jimbo la Australia Kusini mwaka 2002 kwa asilimia nne hivi ya kura. Wakati huo kulikuwa na kanuni ya zamani katika jimbo hilo: makosa ya ngono yaliyotendwa kabla ya tarehe 1 Desemba 1982 hayangeweza kushtakiwa kwa kuwa muda wa mashtaka ulikuwa umeshapita. Mtu aliyenajisiwa akiwa mtoto, sasa ana umri wa miaka 40 au 50, alikuwa akiambiwa polisi hawana la kufanya. Evans alipeleka muswada binafsi wa kuondoa ukomo huo, na mwaka 2003 ukawa sheria. Milango ya mahakama ikafunguka kwa watu waliokwisha kata tamaa, na baadhi ya maovu yaliyoibuka yalikuwa yametendeka ndani ya taasisi za makanisa yenyewe. Mchungaji mwenye kiti kimoja, bila serikali nyuma yake. Kama binamu yako anatafuta sababu ya kujivunia chama, aanzie hapo, si kwenye Seneti.

Fielding alikuwa mtu wa aina nyingine. Mhandisi, mmoja wa watoto 16 wa familia ya Melbourne, alijinadi kama baba wa kawaida aliyechoshwa na wakubwa. Alitaka kodi ya petroli ipunguzwe kwa senti kumi kwa lita. Alilalamikia ada za benki. Mwaka 2008 alivaa vazi la chupa kubwa mbele ya Bunge kutetea mpango wa kurudisha chupa tupu na kulipwa. Wakenya wataisikia hapo lugha ya "hustler" ya 2022, na Watanzania watakumbuka "wanyonge". Siasa hizo zina sura moja kila mahali: sisi wa kawaida tunabanwa, wale wa juu hawatuoni, na mimi ni mmoja wenu.

Watu hukosea wanapodhani mhafidhina wa masuala ya familia lazima awe upande wa matajiri katika masuala ya kazi na mishahara. Mwaka 2005 serikali ya Howard ilipoleta sheria ya kazi iliyojulikana kama WorkChoices, Fielding aliipinga. Hoja yake ilikuwa mapumziko ya chakula na sikukuu za kitaifa: baba au mama anayelazimishwa kufanya kazi sikukuu atakaa na wanawe lini? Sheria ilipita bila yeye. Lakini Desemba mwaka huohuo, serikali ilipopungukiwa kura moja baada ya seneta wake Barnaby Joyce kugoma, ni Fielding aliyeiokoa kwa kuunga mkono kufutwa kwa ada ya lazima ya vyama vya wanafunzi vyuoni.

Nguvu yake ya kweli ilikuja Julai 2008. Serikali ya Labor ya Kevin Rudd ilikuwa na maseneta 32. Ukiongeza watano wa Greens, seneta huru Nick Xenophon na Fielding, unapata 39, ambayo ndiyo nusu ya 76 na mmoja juu. Upinzani wote ukikataa, kila muswada ulimhitaji mtu huyu mmoja mwenye asilimia 1.88. Machi 2009 aliangusha kodi ya vileo vitamu vya chupa ambavyo vijana hupenda, akidai serikali kwanza izuie matangazo ya pombe kwenye televisheni. Kodi ilirudishwa na kupita miezi kadhaa baadaye. Mwaka huohuo alisafiri Marekani kwa wanaopinga sayansi ya mabadiliko ya tabianchi, akarudi na grafu, akamkalisha waziri Penny Wong na wanasayansi wa serikali wamjibu, na mwishowe akapiga kura dhidi ya mpango wa kupunguza hewa ya ukaa. Hapa ndipo chama kidogo kinapoonyesha udhaifu wake. Alichaguliwa kwa ajili ya familia, lakini Seneti ilimtaka aamue juu ya kila kitu chini ya jua, na kwenye mengi hakuwa na chama chenye watafiti wala historia ya kumwongoza. Mwaka 2010 alishindwa, na kiti cha sita cha Victoria kikachukuliwa na John Madigan wa Democratic Labor Party, chama kingine kidogo cha kihafidhina, kwa njia ileile aliyoingilia yeye.

Nije huku kwetu. Wengi watakuambia sheria ndiyo kikwazo. Katiba ya Kenya, ibara ya 91, inakataza chama kilichojengwa juu ya dini, na Tanzania ina katazo la namna hiyo tangu vyama vingi viliporudi 1992. Mwaka huo Islamic Party of Kenya, iliyokuwa na nguvu Mombasa chini ya Sheikh Khalid Balala, ilinyimwa usajili. Lakini Family First kila mara ilisema yenyewe si chama cha kanisa, na kwa katiba yake pengine ingepita hata kwa msajili wetu. Hivyo sheria si jibu lote.

Jibu kubwa zaidi ni hesabu tena. Kwetu mwenye kura nyingi jimboni anachukua kiti, aliyeachwa kwa kura moja anarudi nyumbani, na kura za wadogo hazihamii kokote. Mwaka 2022 David Mwaure wa Agano, wakili na mchungaji, aligombea urais akapata asilimia 0.23. Hakuna mfumo wowote wa Kenya ambao ungeigeuza 0.23, wala hata asilimia mbili zilizotawanyika nchi nzima, kuwa kiti cha bunge.

Halafu kuna soko lenyewe. Australia, katika kura ya maoni ya posta ya 2017 kuhusu ndoa za jinsia moja, asilimia 61.6 walisema ndiyo. Waliobaki walikuwa karibu wanne katika kumi, kundi kubwa ambalo lingeweza kuhisi vyama vikubwa vimelitupa. Kenya hakuna kundi la namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyelitupa. Ibara ya 45 ya katiba tayari inaitaja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti. Muswada wa ulinzi wa familia wa 2023 uliletwa na Peter Kaluma, mbunge wa ODM, mojawapo ya vyama vikubwa kabisa. Kampeni ya "hapana" ya kura ya maoni ya 2010, iliyobebwa na makanisa juu ya utoaji mimba na mahakama za kadhi, ilikuwa na William Ruto mbele yake, na miaka 12 baadaye aliingia Ikulu kwa tiketi ya chama kikubwa huku mahubiri yakiwa sehemu ya kampeni. Mtu akianzisha chama cha familia Nairobi, atauza nini ambacho wenzake hawauzi?

Sasa binamu yako. Chama anachotaka kujiunga nacho kina jina lilelile, lakini ni chombo kingine. Kile cha Evans kilikufa 2017 kilipomezwa na Bernardi, na Australian Conservatives nao wakafutwa kwenye daftari la vyama 2019. Hiki cha sasa kilianzishwa 2021 na Tom Kenyon na Jack Snelling, mawaziri wa zamani wa Labor wa Australia Kusini, mwaka ambao bunge la jimbo lilipitisha sheria mpya za utoaji mimba na za kusaidiwa kufa kwa hiari. Asili yake ya Labor ina maana kwa mhamiaji. Katika kura ile ya posta majimbo 17 tu ya uchaguzi yalisema hapana, na 12 kati yake yalikuwa magharibi ya Sydney, maeneo yaliyojaa wahamiaji, mengi yakiwa ngome za Labor. Waanzilishi wanajua wanamtafuta nani.

Kuwapata ni jambo jingine. Tangu 2016 mpiga kura ndiye anayepanga namba zake, angalau sita juu ya mstari, na chama hakina tena orodha ya kuuzia wenzake. Njia haijafungwa kabisa: mwaka 2022 Ralph Babet wa United Australia Party alipita Victoria kwa asilimia nne hivi. Lakini nne si moja na nukta themanini na nane. Machi mwaka huo, katika baraza la juu la Australia Kusini, Family First mpya ilipata karibu asilimia tatu na kukosa kiti, One Nation ikapata zaidi kidogo ya nne na kukipata. Vyama hivyo viwili vinavua kwenye kina kimoja, na One Nation, yenye sifa ya kupinga uhamiaji, haina haja ya kuwabembeleza watu wenye majina kama ya binamu yako. Family First inayo. Akienda kwenye mkutano wao, aulize swali moja la kivitendo: kwenye vipeperushi wanavyogawa vituoni kuwaelekeza wapiga kura namba za kuandika, One Nation wanaiweka ya ngapi, na kwa makubaliano gani.